Barua ya wazi: Mkaguzi wa nyama asiwe chini ya mkusanya ushuru

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Mifugo na Uvuvi, TAMISEMI, Afya, na Viwanda na Biashara. Na kwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Nimezaliwa Newala, nimefanya kazi Nachingwea, Masasi na mwisho hapa Mtwara, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imeishia machinjioni, kisu mkono mmoja, tochi mkono wa pili. Nawaandikia kuhusu shimo.

Shimo hilo tulilichimba alfajiri moja ya mwezi wa Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Mnaoujua Kusini mnajua maana yake. Malipo ya mnada yakishatoka, nyama inaisha buchani kabla ya saa nne asubuhi, na machinjio ambayo Machi inachinja ng'ombe watatu kwa siku inaletewa kumi na wawili. Miongoni mwa hao alikuwamo dume mwekundu, mnene, manyoya yanang'aa. Angepita barabarani ungemsifia. Alipopasuliwa nikayapapasa mapafu, nikahisi vinundu vigumu, kama punje za mahindi zilizofungwa ndani ya kitambaa. Nikakata. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kizito kama maziwa yaliyoganda, na chembe zilizokwaruza kisu kama mchanga. Nikaenda kwenye tezi za kifua, vipo. Ini, vipo. Tezi za paja, vipo. Kilikuwa kifua kikuu cha ng'ombe, kimeenea mwili mzima.

Kikiwa kwenye pafu peke yake, unalitupa pafu na nyama inapona. Kikisambaa namna ile, ng'ombe mzima anakwenda shimoni. Wachinjaji walikuwa wananiambia, kama walivyozoea, "Daktari, gonga mhuri tuondoke, kunakucha." Sikugonga. Mwenye ng'ombe akakaa chini, kwenye sakafu ile ile ya damu, akashika kichwa. Fedha aliyomnunulia ilikuwa ya mkopo. Sijamlaumu mpaka leo, maana hasara yote ilimwangukia peke yake na hapakuwa na mahali pa kwenda kuomba hata robo ya fidia. Kabla jua halijachomoza simu yangu ikaita, mtu wa ofisini kwetu, ngazi ya juu yangu, ananiuliza kwa upole kabisa kama hakuna njia nyingine, kwa sababu mapato ya mwezi hayajatimia na wachuuzi wakianza kuikimbia machinjio yetu tutaumbuka wote. Nikamjibu kwamba njia nyingine hakuna.

Tukaichanjachanja nyama, tukaimwagia mafuta ya taa lita tano niliyonunua kwa fedha yangu kwa kuwa fungu la kazi hiyo halikuwapo, tukafukia. Asubuhi ya pili nikapita pale. Mchanga umewekwa pembeni vizuri, harufu ya mafuta ya taa bado ipo, nyama haipo.

Nikaanza kuitafuta. Ofisi ya kwanza niliyokwenda ilinieleza kwamba bucha ni lao lakini shimo si lao. Ya pili ikasema wao wanashughulika na chakula kilichosindikwa na kufungashwa, nyama mbichi ina wenyewe. Ya tatu ikataka barua ya kiongozi wangu, naye kiongozi wangu alikuwa safarini. Hakuna aliyenifukuza. Kila mmoja alinipokea vizuri na kunionyesha mlango wa mwenzake, na nilipofika siku ya tatu nilijua kwamba ninachokitafuta kimeshaliwa. Waliokula hawakujua. Nyama ikichemshwa mpaka ikaiva sana hatari hupungua, hilo ni kweli, lakini wapo waliomchuna kwa mikono mitupu, na ipo mishikaki iliyoungua nje na ndani bado nyekundu.

Nimekaa na kisa hiki miaka mingi. Naandika sasa kwa sababu nasikia tena habari za kupanga upya taasisi. Desemba 2023 Serikali ilitangaza mpango wa kuunganisha mashirika na bodi kadhaa za umma, zikiwamo Bodi ya Nyama na Bodi ya Maziwa. Kupanga upya kunahitajika. Ombi langu ni kwamba mpangilio wowote mtakaouchagua umwondoe mkaguzi wa nyama chini ya yule anayehesabu ushuru wa machinjio.

Labda nieleze kwanza mkaguzi anafanya nini, maana wananchi wengi hudhani kazi yake ni ule mhuri wa wino. Mhuri ni mwisho wa kazi. Kazi inaanza ng'ombe akiwa hai. Anatakiwa afike mapema, apumzike, anywe maji, nami nimtazame akisimama, akitembea, akipumua. Ng'ombe mwenye homa akishachinjwa ataficha mengi ambayo angeyaonyesha kwa miguu yake mwenyewe. Aliyekufa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani na nyuma haguswi kabisa, kwa kuwa huyo huenda ana kimeta, na ukimpasua umevimwaga vimelea kwenye udongo ambamo vitakaa miaka na miaka. Anayepita hapo ndiye anayechinjwa, kisha naanza na kichwa. Napasua misuli ya taya kutafuta vifuko vya tegu, vidogo kama punje ya mchele. Ulimi. Tezi za koo. Mapafu kwa vidole kwanza, kisu baadaye. Moyo napasua. Ini nakata mirija ya nyongo na kuibinya nione kama minyoo bapa itatoka. Figo, wengu, tezi za paja na za bega. Ukifanya ipasavyo, robo saa kwa ng'ombe mmoja ni muda wa haraka.

Sasa pigeni hesabu ya usiku ule. Ng'ombe kumi na wawili kwa robo saa ni saa tatu kamili. Mimi nilikuwa peke yangu, na kuanzia ng'ombe wa kwanza kuchunwa hadi pikipiki ya mwisho kuondoka na nyama ilipita saa moja na nusu. Taa ya machinjio ilikuwa imeungua tangu Idi. Nyama ya ng'ombe wangapi niliitazama kwa haki usiku huo? Wale niliowaona vizuri hawafiki sita, na wote kumi na mmoja waliobaki walipata mhuri. Ninaliandika jambo hili kwa jina la kazi niliyoiapia.

Machinjio zetu nyingi, tena, zilijengwa kwa ajili ya Kusini ya zamani. Sisi hatukuwa watu wa ng'ombe. Mbung'o walikuwa wengi, nyama yetu ilikuwa mbuzi, kuku na samaki, na ng'ombe alionekana kwenye shughuli. Baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu na Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi wao walielekezwa Lindi, na leo Kilwa, Liwale, Nachingwea na vijiji vya Lindi vijijini vina mifugo ambayo babu zetu wasingeamini. Wafugaji hawa ni wananchi, wanalisha miji yetu. Lakini karo la kuchinjia ni lile lile, mkaguzi ni yule yule, na dawa zinazouzwa madukani ni nyingi kuliko zamani. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya OTC, dawa ya kuua bakteria, Jumatatu anatakiwa asubiri wiki kadhaa kabla ya kuliwa. Wapo wanaochomwa Jumatatu na kupelekwa mnadani Jumatano, hasa wale walioonekana hawatapona. Jicho na kisu haviwezi kuiona dawa ndani ya nyama. Inahitajika maabara, na Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo hapa hapa Mtwara. Katika miaka yangu yote ya machinjioni sikuwahi kuagizwa nipeleke hata kipande kimoja cha figo kikapimwe mabaki ya dawa.

Waheshimiwa, shida haikuanza na uvivu wa mtu. Mkaguzi ni mwajiriwa wa halmashauri. Machinjio ni ya halmashauri. Ushuru wa kila kichwa unaingia kwenye mapato ya ndani, na mapato ya ndani ndiyo yanayompimia mkurugenzi kazi yake kila robo mwaka. Mchuuzi akiona machinjio fulani ina ukali, wiki ijayo anampeleka ng'ombe wake wilaya jirani, au anamchinjia uani. Kwa hiyo mtu anayemlipa mkaguzi, anayempangia kituo na kumjazia fomu ya utendaji ndiye huyo huyo anayepungukiwa mkaguzi anaposema hapana. Hata mkurugenzi awe mcha Mungu wa namna gani, mmemweka mahali pagumu. Baada ya kisa cha shimo nilihamishiwa kata ambayo haina machinjio. Barua haikutaja sababu.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika ugatuaji wa madaraka, sisi maafisa wa kilimo na mifugo tulitolewa wizarani tukakabidhiwa kwa halmashauri. Kwa ugani lilikuwa jambo jema, na nililiunga mkono. Mfugaji anahitaji mshauri aliye karibu naye, anayejibu kwa madiwani wake. Lakini ukaguzi haufanani na ugani. Ugani ni kumshauri mfugaji. Ukaguzi ni kumkatalia. Ukimpa mtu mmoja kazi zote mbili, chini ya kiongozi mmoja mwenye lengo la mapato, ile ya kukataa itakufa kwanza.

Kisha zitazameni sheria. Tunayo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, inayomhusu Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Tunayo Sheria ya Tasnia ya Nyama ya 2006, iliyoleta Bodi ya Nyama. Tunayo Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, ya mabwana afya. Halmashauri zina sheria zao ndogo. Na chakula kwa ujumla, ambacho kuanzia 2003 kilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, tangu Julai 2019 kimehamia TBS, shirika la viwango lililo chini ya Wizara ya Viwanda na Biashara, nayo TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Mabadiliko yale yalikuwa na sababu ya kweli. Wafanyabiashara walikuwa wanalalamika kwamba taasisi nyingi zinawatoza kwa jambo moja, na walikuwa sahihi. Mtengeneza unga wa lishe au juisi leo ana milango michache ya kubisha kuliko zamani, na naiheshimu hatua hiyo. Ila nyama haianzii kiwandani. Inaanzia zizini, inapita mnadani, kwenye lori, machinjioni, kwenye pikipiki, buchani, ndipo inafika kwenye sufuria ya mama lishe. Katika njia hiyo nimehesabu mikono mitano ya Serikali, na katikati ya kila mkono na mkono pana uwazi unaotosha kupitisha ng'ombe mzima.

Muulizeni mama lishe yeyote pale stendi ya Mtwara au Lindi mjini. Nimekaa na mmoja wao, mama wa Kimwera, anauza supu tangu watoto wake hawajaanza shule na sasa wana watoto wao. Amewahi kuulizwa kadi ya kupimwa afya, leseni, kitambulisho cha mjasiriamali na risiti ya usafi. Zote anazo, amezikunja kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kibweta. Nikamwuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza utumbo anaoupika umetoka kwa ng'ombe gani, amechinjwa wapi, amegongwa mhuri na nani. Akaniangalia kwa mshangao. "Baba, hilo nani atauliza? Wenyewe wanakuja kunywa supu."

Najua jibu mtakalopewa na wataalamu: nchi yetu ni maskini, mfumo wa mkono mmoja kutoka zizini hadi sahani ni wa nchi tajiri. Nawaomba mteremke hadi pwani. Pweza anayevuliwa Songosongo au Kilwa na kupelekwa Ulaya anawekwa kwenye barafu, anapita katika kiwanda kilichokaguliwa, anaandikiwa cheti cha afya na mkaguzi ambaye halipwi kwa ushuru wa soko. Tulifikaje hapo? Mwaka 1997, na tena 1999, Umoja wa Ulaya uliwazuia samaki wa Ziwa Victoria, mara ya kwanza kwa hofu ya salmonela na kipindupindu, mara ya pili kwa hofu ya samaki wanaovuliwa kwa sumu. Viwanda vya Mwanza vikasimama. Serikali yetu, maskini vile vile kama leo, ikaifanya Idara ya Uvuvi kuwa mamlaka moja inayowajibika, ikawafundisha wakaguzi, ikaiimarisha maabara ya Nyegezi, na soko likafunguka. Tuliweza, na tuliweza haraka. Mlaji wa Hispania anamla pweza wetu akiwa na jina la mtu wa kumwuliza likitokea tatizo. Mlaji wa Masasi, anayemnunua ng'ombe aliyekulia Nachingwea, hana. Inaniuma, kwa kuwa ni Serikali ile ile na wizara ile ile.

Wenzetu wa mbali nao wamepita humu, na makosa yao yanatufaa. Uingereza mpaka 1995 nyama ilikaguliwa na halmashauri, mamia yake, kila moja kwa ukali wake. Aprili 1995 kazi ikakusanywa chini ya chombo kimoja cha taifa, ila kikawekwa ndani ya wizara ya kilimo, yaani wizara yenye jukumu la kuistawisha biashara ya wakulima. Mwaka uliofuata serikali yao ikakiri bungeni kwamba kichaa cha ng'ombe huenda kimewafikia binadamu, na Novemba 1996 nyama ya bucha moja huko Scotland, bucha lililokuwa na sifa na tuzo, ikaua watu wapatao 20, wengi wao wazee. Ikabidi wapange tena. Mwaka 2000 wakaunda mamlaka ya chakula isiyo chini ya wizara ya kilimo, na wakaguzi wakahamishiwa huko. Walijenga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza walibadilisha ofisi ya mkaguzi bila kuuliza bosi mpya naye ananufaika na nini. Na kwa wanaodhani hayo ni ya Wazungu, Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 ugonjwa wa listeria uliotoka kwenye soseji za poloni uliwapata watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200.

Kwa hiyo nasema wazi, hata kama litawaudhi baadhi ya marafiki zangu: wakaguzi wa nyama wasipelekwe Bodi ya Nyama, wala kwenye bodi yoyote itakayozaliwa kwa kuiunganisha na ya maziwa. Bodi ina kazi nzuri ya kuikuza biashara, kutafuta masoko, kusajili wadau. Ikuze. Anayepigania nyama iuzwe kwa wingi asiwe ndiye anayeamua ipi isiuzwe.

Wakaguzi wawe chini ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, mishahara yao itoke Hazina, uhamisho wao uidhinishwe huko na si kwa mkurugenzi wa halmashauri. Halmashauri ibaki na jengo lake, ushuru wake na wajibu wa maji, taa, shimo lenye kufuli na mafuta ya taa. Machinjio ikikosa maji au taa, mkaguzi awe na uwezo wa kuifunga siku hiyo hiyo kwa saini yake, na halmashauri ndiyo ikate rufaa. Bwana afya na mtu wa TBS wabaki buchani na migahawani kama sheria inavyotaka, ila daftari liwe moja: namba ya kibali cha kusafirisha ng'ombe iandikwe kwenye daftari la machinjio, namba ya machinjio iandikwe kwenye karatasi anayopewa mwenye bucha, na mama lishe anapoulizwa leseni aulizwe na karatasi hiyo. Mnao mfumo wa mashine za risiti ambao hauruhusu ushuru wa shilingi mia tano upotee. Mfumo huo huo uandike pia ng'ombe aliyekataliwa na sababu ya kukataliwa.

Takwimu hizo zibandikwe mlangoni mwa machinjio kila mwezi: wamechinjwa wangapi, wamekataliwa wangapi, kwa ugonjwa gani. Machinjio inayochinja mwaka mzima bila kukataa hata ini moja, mjue hakuna ukaguzi pale, na hamtahitaji kuunda tume ili kulijua hilo.

Halafu fidia. Nimeliacha hapa lakini kwangu ni zito kuliko yote. Mpaka mtu yule aliyekaa kwenye damu apate walau sehemu ya fedha yake, ng'ombe wagonjwa wataendelea kuchinjwa vichochoroni usiku. Toeni kiasi kidogo katika ushuru wa kila kichwa, kiwekwe kando, kimlipe sehemu ya gharama yule ambaye ng'ombe wake amekataliwa kwa ugonjwa ambao asingeweza kuuona kwa nje. Asiye na kibali cha mnada asilipwe. Utaona wachuuzi wenyewe wanaanza kudai kibali. Nimeongea nao miaka mingi, wanataka jambo hili kuliko sisi.

Vijijini sitadanganya kwamba mpango huu utafika mara moja. Wakati wa jando na unyago, Tandahimba au Newala, mbuzi wanachinjwa kila kaya na hakuna mkaguzi atakayezunguka zote. Masasi na Ndanda nguruwe wengi wanachinjiwa nyumbani, nao ndio wenye tegu wa hatari zaidi, yule anayeweza kufika hadi kwenye ubongo wa mtu na kumletea kifafa. Huko anzeni kwa kufundisha wachinjaji wenyewe, wale wazee wanaoitwa kila shughuli, watambue ini bovu na nyama yenye vifuko, na wawe na namba ya kupiga. Mchinjaji wa kijiji anaheshimiwa, akisema nyama hii hailiwi, hailiwi.

Na msiseme kwamba wizara haziwezi kukaa pamoja. Julai 2022, Ruangwa, watu 20 waliugua homa, wengine wakitokwa damu puani, watatu wakafariki. Mkoa mzima wa Lindi uliingiwa na hofu, watu wakitaja majina ya magonjwa makubwa kuliko lile. Wataalamu wa afya na wa mifugo waliingia pamoja, na katika muda mfupi ikajulikana kwamba ni homa ya mgunda, leptospira, ugonjwa unaotoka kwa wanyama kupitia mkojo wao kwenye maji na udongo. Kazi ile ilikuwa safi. Tangu 2018 lipo Dawati la Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu kwa ajili ya mambo ya namna hii. Ninachoomba ni ushirikiano ule ule kabla ya vifo, siku za kawaida, kwa vijana wanaokanyaga mkojo na damu ya ng'ombe kila alfajiri wakiwa na kandambili. Mabuti ya mpira yangekuwa mwanzo mzuri.

Hili la mwisho ni la binafsi. Mna kawaida ya kutembelea machinjio saa nne asubuhi. Saa hizo sakafu imeoshwa, mkaguzi amevaa koti jeupe lililotolewa kabatini, na ng'ombe hakuna. Mkija Mtwara, njooni saa kumi alfajiri, msimu wa korosho, bila kumtaarifu mtu. Nitawasubiri barabarani. Nitakuja na kisu changu na tochi mbili, moja yenu, na nitawaonyesha pale lilipokuwa shimo.

Wenu mtiifu,

Bwana mifugo mstaafu,
Mtwara.